Mada ngumu za kemia kidato cha tatu: wasichana na wavulana wanaziona sawa? Naomba msaada wa dodoso

Mwl. wa Zamu

Wakuu, habari za kazi.

Naandaa utafiti wa shahada ya uzamili: mada zipi za kemia wanafunzi wa kidato cha tatu huziona ngumu, na je, wasichana na wavulana huziona kwa jicho moja? Mpango wangu ni shule sita: mbili za bweni za wasichana, moja ya bweni ya wavulana, tatu za kutwa za mchanganyiko. Wanafunzi 40 kila shule, jumla 240. Dodoso lina mada 12. Zile kubwa nimezigawa. Moli, kwa mfano, imeingia mara tatu: kugeuza gramu, gesi, na miyeyusho. Mwanafunzi anazungushia namba, 1 "rahisi sana" mpaka 5 "ngumu sana". Halafu nalinganisha wastani wa wasichana na wa wavulana kwa t-test (kipimo cha takwimu cha kulinganisha wastani mbili), mada moja moja.

Maswali yangu:
1. Dodoso la namna hii linapima ninachotaka kupima?
2. Msimamizi anataka alfa ya Cronbach (namba inayoonyesha vipengele vya dodoso vinashikamana kiasi gani) isipungue 0.7. Niipate wapi?
3. Nikikuta tofauti, mwalimu wa darasani aifanyie nini?

---

Bureti50

Mwalimu, kabla hujachapa nakala 240, tenganisha vitu viwili ambavyo dodoso lako limevichanganya: ugumu wa mada, na utayari wa mtu kukiri kwamba mada imemshinda. Mvulana anayezungushia 2 huenda anaijua mada, huenda anaogopa kuonekana hajui. Namba ni ileile.

PISA ya 2015, mtihani wa kimataifa wa wanafunzi wa miaka 15, ulioweka mkazo kwenye sayansi, inafaa kukufungua macho. Kwa wastani wa nchi za OECD (umoja wa nchi nyingi tajiri) wavulana walijiamini zaidi katika kazi za sayansi, lakini kwenye mtihani wenyewe waliwazidi wasichana pointi 4 tu, katika kipimo ambacho wastani wake ulikuwa 493. Tanzania na Kenya hazikushiriki, kwa hiyo usiyalete matokeo hayo huku kana kwamba ni yetu. Ila yanakuonya kwamba kujiamini na kuweza havitembei pamoja.

Kwa hiyo kwa mada sita kati ya hizo 12, weka na swali la kufanya, kisha ulizia uhakika. Nitakupa mifano miwili.

Moli katika miyeyusho: *Gramu 2.65 za Na₂CO₃ isiyo na maji zimeyeyushwa kupata cm³ 250. Ukichukua cm³ 25 za myeyusho huo, utahitaji cm³ ngapi za HCl 0.25 M kuumaliza?* Jibu ni 20. Atakayesahau kwamba uwiano ni 1:2 ataandika 10. Atakayezichukulia gramu kana kwamba ziko ndani ya lita nzima ataandika 5. Aliyefanya makosa yote mawili ataandika 2.5. Namba hizo zimechaguliwa kwa makusudi. Ukitumia gramu 5.3 ndani ya cm³ 500, ambazo ndizo wengi tunazikimbilia, kosa la uwiano linatoa 10 na kosa la ujazo linatoa 10 vilevile, na hutajua nani kakosea wapi. Tena usiruhusu jibu sahihi liwe 25, maana asiyejua lolote atanakili namba ya pipeti (mrija wa kupimia zile cm³ 25) na utampa vema.

Elektrolisisi: swali la ngazi mbili, mtindo ambao mtafiti wa elimu ya sayansi David Treagust aliueleza mwaka 1988, jibu kwanza halafu sababu. *Mmumunyo wa CuSO₄ unapitishiwa umeme kwa elektrodi za shaba. Rangi ya buluu (a) itafifia (b) itabaki (c) itakolea. Sababu: (i) ayoni za shaba hazishiriki, (ii) shaba inayotua kathodi inafidiwa na inayoyeyuka anodi, (iii) oksijeni inatoka anodi.* Anayechagua (a) na (iii) amekariri jaribio la elektrodi za kaboni, na kwa elektrodi zile angekuwa sahihi. Anayechagua (b) na (i) amepata kwa bahati. Swali la ngazi moja lingempa alama kamili.

Chini ya kila swali weka: *Una uhakika kiasi gani? 25, 50, 75, 100.* Kisha kwa kila jinsi toa asilimia ya waliopata kutoka kwenye wastani wa uhakika. Tuseme, kwa mfano tu, wasichana wana uhakika wa 52 na wamepata 48. Wavulana uhakika 70, wamepata 49. Hapo mada ni ngumu sawa kwa wote. Wasichana wamejipima karibu na ukweli, wavulana wamejizidishia pointi 21. Ripoti ya kawaida ingeandika "wasichana hawajiamini" na kupendekeza semina ya kuwatia moyo, wakati wanaohitaji kusahihishwa ni wa upande wa pili. Makala za eneo hili huniudhi hapo: kiwango cha wavulana huchukuliwa kuwa ndicho rula.

Na mizani yako ya 1 mpaka 5 haina mashiko, kwa sababu "ngumu sana" ya mmoja ni "ya kawaida" kwa mwingine. Weka vitendo:
- naweza kulifanya peke yangu bila daftari
- naweza nikiwa na mfano mbele yangu
- nahitaji mtu anielekeze hatua kwa hatua
- siwezi hata kuanza

Vinne vinatosha. Katikati pasiwe na namba ya kujifichia.

---

Takwimu Kavu

Nachukua swali la 2, na jingine ambalo hukuuliza.

Alfa: usiitafute kwa orodha ya mada 12. Alfa inauliza kama vipengele vyote vinapima kitu kimoja. Maji magumu na hesabu za moli si kitu kimoja, na kama ni kitu kimoja basi huna haja ya kuvitenganisha kwenye utafiti wako. Andika vipengele vingine 6 hadi 8 vya kujiamini kwa jumla katika kemia ("nikipewa swali jipya la moli naweza kupata pa kuanzia") na alfa ipigwe kwenye hivyo tu. Msimamizi atapata namba yake na wewe hutakuwa umeandika upuuzi.

T-test 12 zenye kizingiti cha 0.05 (yaani kila moja unakubali kudanganywa na bahati mara 5 katika 100): hata kama hakuna tofauti yoyote duniani, uwezekano wa kukuta angalau "tofauti" moja ni karibu 46%, ukizichukulia mada kuwa hazitegemeani (1 − 0.95¹²). Shusha kizingiti hadi 0.05/12, yaani takriban 0.004, au tangaza mapema mada tatu unazozitilia shaka na nyingine uziite za uchunguzi.

Halafu ripoti ukubwa wa tofauti, usiishie kwenye p, ile namba inayolinganishwa na kizingiti. Gawa tofauti ya wastani kwa mtawanyiko wa alama (ile SD ya kwenye programu) upate d ya Cohen. Ikitoka 0.3, ambayo ni ya kawaida katika masuala haya, maana yake ni kwamba mikunjo miwili ya alama, wa wasichana na wa wavulana, imelaliana kwa takriban 88%. Ukiokota mvulana mmoja na msichana mmoja bila kuchagua, mvulana atakuwa juu mara 58 katika 100. Mwalimu akielezwa hivyo hatakimbilia kugawa darasa upande wa wasichana na upande wa wavulana.

Sasa shule zako. Wanafunzi wa darasa moja wanafanana: mwalimu mmoja, maabara moja. Wanafunzi 40 kwa shule na mfanano wa 0.2 unakupa kigawo cha 1 + 39 × 0.2 = 8.8. Gawa 240 kwa 8.8: wanafunzi wako wanabaki na uzito wa 27 tu wasiohusiana.

---

Bureti50

Takwimu Kavu, hesabu hiyo ni sahihi kwa wastani wa jumla, lakini yeye anatafuta tofauti ya jinsi. Ndani ya darasa moja la mchanganyiko, ubora au ubovu wa mwalimu unawagusa wote, kwa hiyo unajifuta ukitoa wastani mmoja kwenye mwingine. Kigawo cha 8.8 kinamwangukia pale anapolinganisha shule ya wasichana na shule ya wavulana.

---

Takwimu Kavu

Sahihi, na ndiyo maana zile shule tatu za bweni zinamharibia kazi. Bweni la wasichana lina maabara, lina masomo ya jioni, na limechuja wanafunzi tangu kidato cha kwanza. Ukiwalinganisha na wavulana wa kutwa unapima bweni, si jinsi. Na shule ya wavulana ni moja tu, kwa hiyo hutajua kama unachokiona ni uvulana au ni shule ile.

Kuna mchujo mwingine hata ndani ya shule za mchanganyiko. Katika shule nyingi kemia ni ya wote kidato cha kwanza na cha pili, kisha wanaoingia cha tatu wanachagua. Wasichana utakaowakuta ni waliobaki. Kama waliojiona hawawezi wamekwishahamia sanaa au biashara, tofauti itaonekana ndogo kuliko ilivyokuwa. Omba kwa mwalimu wa taaluma idadi ya wasichana na wavulana waliokuwa kidato cha pili na waliobaki na kemia. Ni namba nne tu kwa kila shule, lakini bila hizo jedwali lako la mwisho halisomeki.

---

Mama Maabara

Nami nashika swali la 3.

Ongeza swali hili kwenye dodoso: *Muhula huu umefungua bomba la bureti kwa mkono wako mara ngapi? Hata mara moja / mara 1–2 / mara 3 au zaidi.* Liulize pia kwa pipeti, na kwa kuongeza NaOH tone kwa tone wakati wa kutambua chumvi. Kwenye vikundi vya watu saba au wanane, wawili wanafanya, mmoja anaandika jedwali, waliobaki wananakili. Anayeandika mara nyingi ni msichana, kwa sababu "ana mwandiko mzuri". Akija kuzungushia kwamba titresheni (kudondosha asidi kwa bureti, mrija wenye vipimo, mpaka rangi igeuke) imemshinda, amesema kweli tupu, ila sababu haiko kichwani mwake. Linganisha jinsi ndani ya kundi la walioshika bureti mara tatu au zaidi. Tofauti ikiyeyuka hapo, umeshapata la kumwambia mwalimu.

Tiba yake ni vikundi vya watatu na zamu. Jedwali la titresheni lina pailoti (raundi ya kujaribia), 1, 2 na 3. Kazi ni tatu: bureti, pipeti na indiketa, kusoma na kuandika. Kila safu ya jedwali kazi zinahama, kwa hiyo pailoti ikiisha kila mmoja anasogea. Safu ya nne inamrudia aliyeanza, na wiki ijayo anaanza mwingine. Usiwaachie wagawane wenyewe. Andika ubaoni A, B, C.

Mtanijibu kwamba kemikali hazitoshi. Darasa la 42 ni vikundi 14. Kwa pipeti ya cm³ 25, kila kikundi kinakula cm³ 100 na 50 za kusuuzia, jumla lita 2.1 za kabonati. Tumia cm³ 10 badala yake: 40 na 20 za kusuuzia, mara 14, ni cm³ 840. Lita moja ya Na₂CO₃ 0.1 M (gramu 10.6) inatosha darasa zima na chenji inabaki. HCl 0.2 M lita moja ni takriban cm³ 17 za asidi kali ya chupa yenye 12 M hivi, ikimiminwa ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya asidi. Kila titresheni itaishia karibu na cm³ 10, kwa hiyo bureti moja ya 50 inaenda raundi zote nne bila kujazwa tena, mradi pailoti isipitilizwe sana. Indiketa ni methili oranji. Ukiweka fenolfthalini rangi itapotea nusu ya njia, kabonati ikiwa imefika kwenye bikabonati tu, na kikundi kitapata cm³ 5 na kudhani kimekosea hesabu.

Unachopoteza ni usahihi: kosa la kusoma bureti la 0.1 ni 0.4% ya cm³ 25 lakini ni 1% ya cm³ 10. Kwa kuzoeza mikono haidhuru. Mtihani wa majaribio ukikaribia, rudi kwenye 25.

Bureti hazifiki 14? Sirinji ya ml 10 isiyo na sindano inafaa, isomwe kwa mistari ya 0.2. Matokeo yatatawanyika zaidi, lakini kila mtoto atakuwa ameliona tone lililogeuza rangi, na tone hilo kalidondosha yeye.

---

Kalamu ya Kitale

Salamu kutoka Kenya. Naunga mkono Mama Maabara. Paper 3 ya KCSE (karatasi ya vitendo ya mtihani wetu wa kidato cha nne) kila mtahiniwa anaifanya peke yake, na hapo ndipo mwandishi wa kikundi hugundua kwamba kwa miaka minne hajawahi kusoma meniskasi (mkunjo wa uso wa kimiminika ndani ya bureti). SMASSE, mradi wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati, ilipoanza huku mwaka 1998 kwa msaada wa JICA (shirika la misaada la Japani), mkazo ulikuwa huo: shughuli imrudie mwanafunzi, na vifaa vikikosekana vibuniwe kwa vilivyopo.

Nyongeza moja. Usipange maswali yako kwa mada pekee. Alex Johnstone mwaka 1991 aliigawa kemia katika ngazi tatu: kinachoonekana kwa macho, chembe zisizoonekana, na alama na hesabu. Kila swali lipe lebo ya ngazi yake. Elektrolisisi iko kwenye zote tatu: rangi na mapovu, ayoni zinakoelekea, na hesabu ya aina hii, ampia 0.5 kwa sekunde 1,930 ni kulombi 965, sawa na moli 0.01 ya elektroni, sawa na gramu 0.32 za shaba. Mwanafunzi anayesema "elektrolisisi ngumu" huenda anakwama kwenye ngazi moja tu, na ni rahisi zaidi tofauti za jinsi kujificha kati ya ngazi kuliko kati ya mada.

Ukitaka kugusa maumbo (almasi, grafiti, na isoma za kidato cha nne), jihadhari na saa. Kuzungusha umbo akilini ni moja ya vipimo vichache ambavyo wavulana huongoza kwa wazi, ila mazoezi huinua jinsi zote, jambo ambalo uchambuzi mkubwa wa Uttal na wenzake ulilithibitisha mwaka 2013. Udongo wa mfinyanzi na njiti za meno vinatosha: isoma tatu za pentani mezani kwa dakika kumi, kila mtu na zake, ndipo karatasi ije.

---

Mwl. wa Zamu

Ahsanteni sana. Kwa hiyo niziache shule za bweni? Nikibaki na tatu za mchanganyiko nina 120 tu. Na je, dodoso liwe Kiswahili au Kiingereza? Sehemu ya jinsi niiweke wapi?

---

Takwimu Kavu

Kwa 60 na 60 utainasa tofauti ya d 0.5 hivi, si 0.3. Kwa 0.3 unahitaji takriban 175 kila upande, yaani shule tisa za mchanganyiko zenye 40 kila moja, kama nusu ni wasichana. Mara nyingi si nusu. Ukikuta darasa lina wasichana 12 na wavulana 28, chukua wote, usipunguze wavulana ili namba zipendeze. Kama tisa haziwezekani, chukua sita na uombe alama za kemia za muhula uliopita. Ukiziingiza kwenye modeli, mtawanyiko unapungua na sampuli ndogo inaona mbali zaidi. Barua za ruhusa zianze sasa: chuo, Katibu Tawala wa Mkoa, Mkurugenzi wa Halmashauri, mkuu wa shule. Katika mpango wote hakuna kitu kitakachokula muda kama hizo.

---

Bureti50

Maelezo na mizani viwe Kiswahili, majina ya mada na maswali ya kemia yabaki katika Kiingereza kama wanavyoyaona darasani na kwenye mtihani. Ukitafsiri swali la moli utapima tafsiri yako.

Jinsi iwe ukurasa wa mwisho. Tangu wanasaikolojia Steele na Aronson mwaka 1995 kuna madai kwamba kumkumbusha mtu kundi lake kabla ya mtihani humshusha. Marudio mengi ya majaribio ya aina hiyo hayakuona athari, na mimi si mshabiki wa hoja hiyo, lakini kuhamisha kisanduku hakugharimu hata shilingi.

Mpangilio: ukurasa wa mizani ya vitendo ujazwe na ukusanywe kwanza, ndipo maswali ya kufanya yagawiwe. Vikitolewa pamoja watarudi nyuma kubadilisha majibu baada ya kuliona swali la kabonati. Maswali sita, dakika 40, chati ya vipindi ukutani pamoja na kikokotoo kwa wote au bila kikokotoo kwa wote. Msimamizi asiwe mwalimu wao wa kemia. Jaribu kwanza kwa wanafunzi 30 wa shule isiyo kwenye sampuli. Swali lililopatwa na zaidi ya 27 au chini ya 3 litoe, halitakuambia lolote. Na kwenye karatasi za majaribio soma njia walizopitia pamoja na majibu: ukiona jibu la 0.02, huyo kapiga hesabu yote sawasawa akasahau kurudisha dm³ kuwa cm³. Amua kabla ya ukusanyaji kama utamhesabu amepata au amekosa, na uandike uamuzi huo kwenye sura ya mbinu.